Picha kwanza, fulana baadaye: barua ya wazi kwa kamati za misiba na harusi

Kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa kamati za misiba, harusi, sendofu na mahafali.

Ndugu zangu,

Nawaandikia nikiwa upande wa pili wa kaunta. Mimi ni fundi wa kubuni na kuchapa, steshenari yetu iko Sinza, Dar es Salaam, na kazi zenu ndizo zinazolipa kodi ya fremu: kadi za mwaliko, vitabu vya ratiba, fulana, mabango ya getini na ya mbele ya basi. Sina malalamiko ya malipo. Hayo yana barua yake, nayo ni ndefu. Leo nina jambo moja, nalo ni picha mnazotuletea.

Kikao cha kwanza cha msiba nakijua kinavyokwenda. Jeneza, usafiri, mahema, chakula, maji ya chupa, fulana ngapi na za rangi gani, nani atashika daftari la michango. Kila jambo linapata mtu wa kulisimamia. Ikifika kwenye picha ya marehemu, mtu anasema tu, "Hiyo atarusha binti yake," na kikao kinasonga. Saa nne usiku simu yangu inaita. Imeingia picha moja kwa WhatsApp, na chini yake ujumbe: "Fundi, tumia hii. Bango la basi, fulana themanini na kitabu. Tunaondoka saa kumi alfajiri kwenda Moshi." Naifungua kwenye kompyuta. Ni picha ya profaili ya marehemu mwenyewe, imepakuliwa kutoka kwenye namba yake.

Picha hiyo ina pikseli 640 kwa 640. Ndivyo WhatsApp inavyohifadhi picha za profaili, hata kama iliyowekwa ilipigwa kwa kamera ya mamilioni. Kwenye simu inapendeza, maana kioo chenyewe hakizidi sentimita saba kwa upana. Nikiichapa kitabuni ili msomaji aione safi akiwa ameshika kitabu mkononi, inatosha kujaza sentimita tano na nusu. Nyinyi mnataka ijae jalada zima.

Ugomvi wetu huanzia hapo, kwa hiyo niruhusuni nieleze hesabu yenyewe. Picha ya kidijitali haina sentimita wala inchi. Ina vinukta vya rangi, ndizo pikseli, vilivyopangwa kwa safu, na idadi yake iliamuliwa siku ilipopigwa. Sentimita zinakuja pale tunapoamua vinukta hivyo vitandazwe kwenye eneo la ukubwa gani. Vikibanana, jicho haliwezi kukitenga kimoja na kingine. Unaona ngozi, mvi, kola ya shati. Vikitandazwa kupita kiasi, jicho linaanza kuvihesabu, na hapo ndipo mnaposema picha ina chenga.

Jicho lisilo na tatizo hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Kitabu ukikishika sentimita 30 kutoka usoni, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.09 hivi, yaani vinukta karibu 290 kwa kila inchi. Ndiyo maana mafundi wote tunaimba 300. Lakini bango ukilitazama ukiwa mita 3, pembe ileile inakuwa karibu milimita 0.9. Vinukta 29 kwa inchi vinatosha. Ukiwa mita 6, vinatosha nusu ya hivyo.

Kwa hiyo hofu yenu kubwa imekaa mahali pasipo pake. Kila kamati inaniuliza, "Fundi, kwenye bango haitapasuka kweli?" Hakuna inayouliza kuhusu kitabu. Ile picha ya pikseli 640 nikiitandaza kwenye mita moja ya bango, inapata vinukta 16 kwa inchi. Kwa mtu aliye mita 6, inapita. Watu wa Korogwe na Same watakaoliona basi likipita barabarani hawatagundua chochote. Picha hiyohiyo nikiipanua ijae jalada la kitabu cha A5, upana wa milimita 148, inapata vinukta 110 kwa inchi mahali panapohitaji 290. Bango litatolewa basini likirudi Dar, na wiki mbili baadaye litakuwa limefunika banda la kuku. Kitabu ndicho kitakachokaa kabatini kwa mama mkubwa miaka ishirini, kikifunguliwa kila wajukuu wakija, na ndicho kinachochapwa na uso wenye ukungu.

Kama mnataka kanuni ya kubeba kichwani, ni hii. Fungueni picha kwenye simu, tazameni taarifa zake, mtaona namba mbili, kama 4000 × 3000. Kwa kitu cha kushikwa mkononi, gawanyeni kila namba kwa 120. Jibu ni sentimita ambazo picha itazijaza ikiwa safi. Kwa fulana, inayotazamwa na mtu aliyesimama mbele yako, gawanyeni kwa 40. Kwa bango la getini, gawanyeni kwa 12. Picha ya pikseli 1600 inampa msomaji wa kitabu sentimita 13, inampa mvaa fulana sentimita 40, na getini inajaza zaidi ya mita moja. Katibu anaweza kupiga hesabu hiyo kikaoni kwa kalkuleta ya simu kabla hamjaniagiza chochote.

Sasa, picha haifiki kwangu ikiwa ndogo kwa bahati mbaya. Inapunguzwa njiani. Mchukueni mzee aliyepigwa picha siku ya kipaimara cha mjukuu wake. Simu iliyompiga imeandikwa megapikseli 50 kwenye boksi, lakini simu za aina hiyo kwa kawaida huunganisha vinukta vinne kuwa kimoja, kwa hiyo faili linatoka na megapikseli kama 12, tuseme pikseli 4000 kwa 3000. Hizo ni mali. Ukurasa mzima wa A4 kwa kipimo cha 300 unadai 3508 kwa 2480. Unajaa na chenji inabaki. Mjukuu anairusha kwenye grupu la ukoo kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaishusha hadi kama 1600 kwa 1200. Shangazi aliye Mwanza anaipenda, anapiga skrinishoti badala ya kuipakua. Simu yake ina kioo cha pikseli 720 kwa upana, na picha imelala, kwa hiyo kinachobaki ni 720 kwa 540. Milioni 12 zimekuwa laki tatu na elfu themanini na tisa. Kati ya kila pikseli 100 za siku ya kipaimara, zimesalia 3.

Na hapo bado hamjaniambia, "Fundi, mkate mzee peke yake, hao wengine watoe." Mzee amesimama kwenye mstari wa watu saba. Uso wake una pikseli 40 hivi kwa upana. Gawanyeni kwa 120.

Pikseli kupungua ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ubanaji. Karibu kila picha mnayonirushia ni JPEG, mfumo uliotoka mwaka 1992 ukitumia hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India, pamoja na wenzake wawili. Unaigawa picha katika visanduku vya pikseli 8 kwa 8, kisha ndani ya kila kisanduku unatupa maelezo madogomadogo ambayo jicho halitarajiwi kuyakosa. Ni kazi ya akili nyingi, na bila yake hakuna ambaye angemudu bando la kutuma picha. Lakini kila programu inayoifungua picha, kuikata na kuihifadhi upya inatupa tena, kwa makadirio yake. Kwenye simu huoni. Ile picha ya profaili niliyoitandaza kwenye mita moja ya bango inakuwa na visanduku vya sentimita moja na robo kila kimoja, na mkisogea karibu mtaviona vimejipanga shavuni.

Wengi wenu mmeshasikia dawa ya haya yote: "Fundi, si uiweke tu kwenye 300?" Namba 300 ndani ya faili ni lebo. Inaiambia mashine vinukta vibanane kiasi gani wakati wa kuchapa, basi. Picha ya pikseli 640 nikiibadilisha lebo kutoka 72 kwenda 300, inabaki na pikseli 640 zilezile, imepungua tu ukubwa wa karatasi. Na nikiilazimisha kompyuta iongeze pikseli, inachofanya ni kutazama jirani wa kushoto na jirani wa kulia na kukisia rangi ya katikati. Ukungu unakuwa laini zaidi, lakini hakuna ukope hata mmoja uliorudi.

Dawa mpya, ya miaka hii, ndiyo inayonitia hofu. Kuna programu za akili mnemba zinazochukua uso uliofifia na kuurudisha safi, ngozi inang'aa, macho yana mwanga. Mafundi wengi tunazo. Mteja akiona anashangilia. Tatizo ni kwamba programu hizo hazijui marehemu alikuwa nani. Zimefundishwa kwa nyuso nyingi za watu wengine, na zinapokutana na ukungu zinaujaza kwa wastani wa nyuso hizo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iitwayo PULSE, iliyoweza kuchukua uso wa pikseli 16 kwa 16 na kutoa uso wa 1024 kwa 1024. Watu wakaipa picha iliyofifishwa ya Barack Obama, mmoja wa watu waliopigwa picha nyingi zaidi duniani. Ikarudisha uso wa Mzungu. Wenyewe walishasema kazi ya programu yao ni kubuni uso unaoweza kulingana na vinukta vilivyopo, na kwamba haimtambui mtu. Programu zetu za simu zimeendelea mbele ya hiyo, lakini hapo hazijabadilika.

Kwa marehemu wetu mambo huwa madogo kuliko ya Obama, na ndiyo maana yanapita. Mwanya unazibika. Baka la shavuni linafutika kwa sababu mashine imelidhania uchafu. Chale za utotoni zinapotea. Ngozi inapauka kidogo, pua inasimama kidogo, mzee wa miaka 70 anapungua kumi. Anabaki mtu anayefanana na marehemu kama binamu anavyofanana. Mjane akisimama mbele ya bango hilo na kuuliza mwanya wa mumewe umekwenda wapi, mwenyekiti, utamjibu nini? Mimi msimamo wangu ni huu: kusafisha vumbi na mikwaruzo, sawa, kuongeza mwanga, sawa, uso wa marehemu hautengenezwi upya steshenari kwangu mpaka mtu wa familia yake aone nakala zote mbili, ya zamani na mpya, na akubali kwa mdomo wake. Nawasihi mdai hivyo kwa fundi yeyote. Na mafundi wenzangu mnaofanya kimyakimya ili kazi itoke mapema, mnajijua.

Kuna hazina ambayo karibu kila familia inayo na hakuna anayeikumbuka siku ya msiba: albamu. Picha ya studio ya miaka ya tisini, ile ya inchi 4 kwa 6 yenye pazia la mlima au maua nyuma, ilitoka kwenye filamu na kuchapwa kwenye karatasi ya picha. Nikiiweka kwenye skana kwa kipimo cha 600, napata pikseli 2400 kwa 3600. Inakaribia kabisa A4 nzima, na inaishinda kwa mbali picha ya profaili ya mwaka jana. Hata pasipoti ya milimita 35 kwa 45, ile iliyobaki kwenye bahasha ya vyeti, kwa kipimo hicho inanipa 827 kwa 1063, na karatasi yake ikiwa safi naweza kupanda hadi 1200 na kupata mara mbili ya hapo kila upande. Leteni karatasi yenyewe. Msiipige picha kwa simu chini ya taa ya umeme, ikiwa ndani ya nailoni ya albamu, kidole gumba kikionekana pembeni na mwanga wa flashi katikati ya paji la uso. Kama mwenye albamu yuko Bukoba na hakuna skana karibu, aitoe picha kwenye nailoni, ailaze mezani karibu na dirisha mchana, azime flashi, ashike simu juu yake ikiwa sambamba, na picha ijae kioo chote. Ikitoka hivyo, itanifaa.

Kitambulisho cha taifa kiwe chaguo la mwisho kabisa. Picha yake ni ndogo, imechapwa juu ya kadi yenye michoro ya usalama, na hakuna mtu aliyewahi kutabasamu siku ya kupigwa ile picha.

Nimeongea sana habari za misiba kwa sababu hapo hakuna nafasi ya kupiga picha nyingine. Kamati za harusi, nanyi nina yenu. (Ndugu zetu Waislamu, ambao wengi wao huzika haraka na hawana mabango ya marehemu, wanakutana nami hapa.) Nusu ya kadi tunazotengeneza siku hizi hazichapwi, zinarushwa kwenye simu. Wengine mnachofanya ni kuchukua kadi ya karatasi, kuipiga picha, na kuirusha kwenye magrupu. Kadi ya karatasi ina umbo lake, na kioo cha simu kina lake. Stetasi inataka picha ndefu, pikseli 1080 kwa 1920. Posti ya Instagram inakaa vizuri kwa 1080 kwa 1350. Juu kabisa ya stetasi programu inaweka jina la mwenye namba na alama zake, kwa hiyo jina la bibi harusi likikaa pale litafunikwa na la shemeji aliyeposti. Nileteeni maneno mara moja, niwatengenezee kadi tatu zenye sura moja na maumbo tofauti. Bei haiongezeki kiasi cha kuitisha kikao.

Na rangi nyekundu juu ya bluu iliyokolea, ambayo kamati zinaipenda sijui kwa nini, ndiyo inayoharibika kwanza. JPEG huhifadhi mwanga kwa umakini zaidi kuliko rangi, kwa hiyo herufi nyekundu zinaota manyoya kandokando zikipita WhatsApp mara moja tu. Herufi nyeupe au za rangi ya dhahabu isiyokolea hustahimili. Kuhusu sare: bluu mnayoiona kwenye kioo ni mwanga, na ile ya kwenye karatasi ni mchanganyiko wa wino za samawati, majenta, njano na nyeusi. Haziwezi kulingana, hasa bluu na kijani kikali. Leteni kipande cha kitambaa.

Mkimlipa mpiga picha wa harusi, mwambieni kabla ya kumaliza malipo kwamba mnataka mafolda mawili. Moja lina picha kamili kama zilivyotoka kwenye kamera baada ya kusafishwa. Hilo ni la kuchapa, linakuja kwa flashi au diski, na halirushwi kwa mtu. La pili lina picha zilezile zikiwa zimepunguzwa hadi pikseli 2048 upande mrefu, na hilo ndilo la Facebook, la grupu na la tovuti ya kanisa. Maana hapa makosa yanageuka. Waleta picha ndogo kwa fundi ndio haohao wanaoweka picha nzito kwenye tovuti. Picha 40 za mahafali, kila moja MB 5, zikipangwa kwenye ukurasa mmoja, ni MB 200 za bando la mzazi aliyefungua kumwona mwanawe akipokea cheti. Kioo chake kina pikseli 720. Simu inazipakua pikseli zote hizo, kisha inazitupa karibu zote ili picha itoshee. Zikipunguzwa hadi 1600 na kubanwa kwa kiasi cha kawaida, kila moja inashuka hadi KB mia tatu au mia nne, ukurasa mzima haufiki MB 20, na hakuna mzazi atakayeona tofauti. Kwa hiyo sisemi picha isipunguzwe. Ipunguzwe mwisho, kwa nakala, na mtu anayejua inakwenda wapi. Ya asili ibaki nzima.

Mwenyekiti anayesimama nyuma ya kiti changu na kusema "ivute ijae," naomba anisikie. Picha ya simu ina umbo la 4 kwa 3. Fremu ya bango lenu ni 3 kwa 1. Nikiivuta ijae, marehemu ananenepa mara mbili na robo. Tunaweza kukata, tunaweza kuacha nafasi na kuandika jina, tunaweza kuweka maua pembeni. Kuvuta upande mmoja sitavuta, hata kama steshenari ya jirani inavuta bure.

Sasa ombi lenyewe. Kwenye kikao cha kwanza, mkishamteua mtu wa mahema na mtu wa chakula, teueni mtu wa picha. Asiwe yule mwenye simu ya bei. Awe mtu anayejua nani katika familia anahifadhi nini. Kazi yake ni kutafuta picha ya asili: kwenye simu iliyopiga, kwenye albamu, kwa mpiga picha wa harusi ya miaka mitano iliyopita, kwenye ofisi alikofanya kazi marehemu. Akiipata, asiirushe kama picha. Abonyeze alama ya kuambatanisha, achague dokumenti badala ya galari, na faili litafika kwangu kama lilivyo, bila kupunguzwa. Kitufe cha HD kinasaidia kuliko njia ya kawaida, lakini nacho kinapunguza. Barua pepe inafaa. Flashi inafaa. Kuja na simu yenyewe na waya wake ndiko bora kuliko yote, na chai ipo. Wenye iPhone, picha zenu huenda zikaja kwa mfumo wa HEIC, ambao kompyuta nyingine za mtaani hazifungui. Msizigeuze kwa kupiga skrinishoti, nileteeni hivyohivyo, mimi ninayo programu.

Mtu huyo huyo wa picha ndiye aidhinishe kazi. Mtu mmoja. Tumeshachapa kitabu kwa picha aliyoipitisha kaka, saa saba usiku dada akapiga kuuliza kwa nini hatukutumia ile ya suti. Na aidhinishe kwa kuona sampo ya karatasi, hata kama ni nakala moja ya jalada, maana kwenye kioo cha simu kila picha ni nzuri. Akiwa hawezi kufika, amwambie fundi ampigie picha ya skrini ya kompyuta ikiwa kwenye asilimia 100, siyo ile iliyopunguzwa ikatoshea dirisha.

Nasi mafundi tuna wajibu wetu. Fundi anayepokea picha ya pikseli 640 kwa kazi ya jalada anapaswa kusema palepale, kabla ya kushika hela, kwamba itatoka na ukungu, na kutoa njia nyingine: jalada lenye picha ndogo ya sentimita tano na nusu katikati, pembeni peupe, jina kwa herufi kubwa. Nimefanya majalada ya namna hiyo na yamependeza kuliko yale yaliyojaa. Akinyamaza na kuchapa, mkatalieni malipo ya mwisho. Nami mkinikuta nimenyamaza, nikatalieni.

Msiba wenyewe hautoi taarifa, hilo nalijua, na hakuna anayetafuta picha ya bango la mtu aliye hai. Lakini kila ukoo una mkutano wa mwaka, kila jumuiya ina siku yake, na kila mtu ana mzazi mwenye albamu juu ya kabati. Likizo ya Desemba mkienda nyumbani, mtu mmoja abebe skana au simu nzuri. Azipige zile za zamani, azihifadhi kwenye folda lenye majina na miaka, aweke nakala mahali pawili tofauti, na mtu zaidi ya mmoja ajue zilipo.

Kuanzia mwezi ujao, kamati yoyote itakayoleta picha za albamu kwetu kabla ya kikao cha pili, skana ni bure. Tunafungua saa mbili asubuhi. Usiku pigeni simu kwanza, na mkipiga, semeni picha ina pikseli ngapi.

Wenu,
Fundi wa kuchapa
Sinza, Dar es Salaam